Mwanahisabati, Chagua Uwanja Kwanza

Kila muhula ukianza, maswali yanayozunguka kwenye korido za idara ya hisabati ni yale yale. Kozi gani ya nje ina mteremko? Mwalimu gani anamwaga A? Nani hachukui mahudhurio? Kozi za lazima hazina mjadala: kalkulasi, aljebra ya mstari, uchanganuzi wa namba halisi, milinganyo tofautishi, zote zimeshapangwa na wakubwa. Zinabaki zile krediti chache za hiari ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kuzitafuta kwenye idara nyingine, na hizo ndizo huchaguliwa kwa dakika tano, simu mkononi, mfumo wa usajili ukisuasua, rafiki akisisitiza pembeni: "Chukua hii, mimi nilipata A bila kusoma."

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote nitakayosema yanautetea. Usianze na kozi, anza na uwanja. Tafuta taaluma moja iliyo nje ya hisabati, ingia kwa kozi ya kwanza, kisha rudi kwa ya pili, na ikiwezekana ya tatu, humo humo. Kozi tatu za utangulizi kwenye idara tatu tofauti zinakuacha mgeni kote. Kozi mbili zinazofuatana zinakufikisha mahali ambapo wenye taaluma yao wanabishana, na mahali hapo ndipo hisabati yako inapoanza kuwa na kazi.

Najua hofu iliyopo: GPA. Basi tuipigie hesabu, maana hesabu ndiyo fani yetu. Shahada ya miaka 3 nchini Tanzania haipungui krediti 360. Chukua kozi moja ya nje yenye krediti 12. A ina pointi 5, B ina pointi 3. Tofauti ya A na B kwenye kozi hiyo ni pointi 2 mara krediti 12, yaani 24. Gawanya kwa 360, unapata kama 0.067. Mwenye GPA ya 3.8 hapandi daraja la kwanza, linaloanzia 4.4, kwa sababu ya hiyo A, wala hashuki chini ya 3.5 kwa sababu ya hiyo B. Kenya, ambako vyuo vingi vya umma huangalia wastani wa alama na 70 ndiyo mlango wa daraja la kwanza, mambo ni hayo hayo: kozi moja kati ya arobaini ikishuka kwa alama 10, wastani unashuka kwa robo alama. Anayepaswa kuogopa ni yule anayecheza mpakani kabisa, na hata huyo angefanya vizuri zaidi kuokoa alama kwenye kozi nzito za idara yake, ambazo ndizo nyingi. Kufukuzia mteremko ni biashara ya faida ndogo kwa mtu aliyepewa nafasi chache za kujichagulia mambo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa John Nash. Aliingia Carnegie Institute of Technology, pale Pittsburgh, miaka ya 1940, kusomea uhandisi wa kemikali, akahamia kemia, kisha hisabati. Katika kipindi hicho chote alichukua kozi moja tu ya uchumi, tena ya hiari: uchumi wa kimataifa. Kutokana na mawazo aliyokutana nayo humo alizaa makala kuhusu namna watu wawili wanavyoweza kugawana faida wanapojadiliana, iliyochapishwa na jarida la Econometrica mwaka 1950. Kazi yake ya nadharia ya michezo ikaendelea kutoka hapo, na mwaka 1994 akawa mmoja wa watatu waliotunukiwa Nobel ya Uchumi.

Claude Shannon naye alisomea uhandisi wa umeme na hisabati katika Chuo Kikuu cha Michigan, akamaliza 1936. Aljebra ya Boole alikutana nayo kwenye darasa la falsafa, katika kozi ya mantiki. Mwaka mmoja baadaye, akiwa MIT, aliandika tasnifu ya shahada ya pili iliyoonyesha kwamba swichi za umeme zinafuata aljebra ile ile. Kila kompyuta unayoigusa leo inatembea juu ya wazo hilo.

Sikuletei visa hivi nikuahidi Nobel. Tazama tu walichochukua kule nje. Hawakuchukua mbinu, mbinu walikuwa nazo. Nash alichukua swali ambalo wanauchumi walikuwa wamelizoea kiasi cha kuliona halina jibu la uhakika. Shannon alichukua chombo kilichokuwa kimekaa kwa wanafalsafa bila kazi ya kiwandani. Idara ya hisabati inakupa majibu mengi ya maswali ambayo hujawahi kuulizwa. Maswali yenyewe yanaishi kwenye majengo ya jirani.

Sasa, uwanja upi?

Uchumi ndio unaokimbiliwa na wengi, na kwa haki, ila wengi huishia mlangoni. Kozi ya kwanza ya kanuni za uchumi ina michoro ya ugavi na mahitaji. Aliyetoka EGM (uchumi, jiografia na hisabati) ameshaiona sekondari na ataona anapoteza muda. Vumilia, au omba ruhusa ya kuiruka kama idara inakubali, uelekee uchumi mdogo wa ngazi ya kati, ambako kalkulasi ya vigeu vingi na vizidishi vya Lagrange vinatumika kila wiki. Kisha nenda ekonometriki. Huko utakutana na kitu ambacho darasa la aljebra ya mstari halikukuonyesha. Kwetu tunasema: matriki ama ina kinyume au haina, basi. Kwenye ekonometriki utapewa data ya kaya, safuwima moja ni umri wa mtu, nyingine ni miaka aliyokaa kazini, na hizo mbili zinakaribia kwenda pamoja. Kinyume kipo, kompyuta imekipata bila malalamiko. Lakini ukiondoa kaya chache tu kwenye data, makadirio yanaweza kugeuka kutoka chanya kuwa hasi. Tofauti kati ya "kipo" na "kinaaminika" utaifahamu siku hiyo, na utarudi kwenye vitabu vyako vya aljebra ukiwa na jicho jingine.

Biolojia watu wa hisabati huikwepa, hasa waliotoka PCM (fizikia, kemia na hisabati), ambao waliiacha kidato cha nne wakashukuru Mungu. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu nadhani ndiyo nafasi inayopuuzwa kuliko zote katika vyuo vyetu. Ronald Ross, daktari aliyeona vimelea vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897 na kupata Nobel mwaka 1902, alitumia miaka iliyofuata kuandika milinganyo. Alichotaka kuonyesha ni kwamba si lazima uue mbu wote. Wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria inakufa yenyewe. Miaka ya 1950 George Macdonald akaiendeleza hesabu hiyo, akaja na jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa hisabati anaweza kulifuata kwenye kipande cha karatasi.

Mbu akinyonya damu yenye vimelea, haambukizi papo hapo. Vimelea vinahitaji siku 10 au zaidi kukomaa ndani yake. Iwapo uwezekano wa mbu kuishi kutoka leo hadi kesho ni p, basi uwezekano wa kufika siku ya 10 ni p kwa kipeo cha 10. Weka p = 0.9: unapata karibu 0.35, yaani mbu mmoja kati ya watatu anafika. Punguza p iwe 0.8 tu: unapata 0.107, mmoja kati ya kumi hivi. Mabadiliko madogo ya maisha ya mbu kwa siku yanaporomosha maambukizi yote, na ndiyo sababu dawa ya kupulizia ukutani na chandarua chenye dawa, vinavyomuua mbu aliyekomaa, vina nguvu kuliko unavyotarajia. Vipeo umevijua tangu sekondari. Usichokijua ni hiyo 10 inatoka wapi, kwamba inabadilika na joto, kwamba mbu wa aina moja anapenda damu ya ng'ombe kuliko ya mtu. Hayo yanafundishwa kwenye kozi za ikolojia, parasitolojia na epidemiolojia, na watafiti wanaoyafanyia kazi wako Ifakara, bonde la Kilombero. Huhitaji kupanda ndege kuwafuata.

Kompyuta nayo haina mjadala wa ichukuliwe au isichukuliwe. Mwanahisabati wa leo asiyeweza kuandika programu fupi kwa Python au R amejifunga mkono mmoja. Mjadala ni kozi gani. Ile ya utangulizi inayokufundisha kutengeneza jedwali na kuchapa barua usiisogelee. Ya kuandika programu, chukua mapema. Inayolengwa hasa ni miundo ya data na algorithimu. Ulifundishwa kutafuta determinanti kwa kuikunjua safu kwa safu, na kwenye matriki ya tatu kwa tatu ilikwenda vizuri. Jaribu kwa ishirini kwa ishirini: kuzidisha kunazidi mara 20!, namba inayoanza na 24 ikifuatwa na tarakimu nyingine 17. Mashine inayozidisha mara bilioni moja kwa sekunde ingekaa miaka kama 77. Kwa njia ya Gauss ya kuondoa vigeu, kazi hiyo hiyo ni kuzidisha mara elfu chache. Darasa la hisabati linasema njia zote mbili ni sahihi, na ni kweli. Darasa la algorithimu linakuuliza ni ipi itamaliza kabla hujafa.

Jihadhari na majina yanayong'aa. Siku hizi kila idara ina kozi yenye maneno "sayansi ya data" au "akili mnemba" kwenye kichwa. Nyingine ni nzuri sana. Nyingine, ukifungua muhtasari, wiki sita za mwanzo ni matriki na uwezekano kwa wasiowahi kuviona, yaani unarudishwa mwaka wa kwanza kwa jina jipya.

Takwimu katika vyuo kadhaa haikai na hisabati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, idara ya takwimu iko upande wa sayansi za jamii. Wewe uliyesoma nadharia ya uwezekano, nenda kule kwa ajili ya yale ambayo nadharia haigusi: namna ya kuchagua sampuli, namna ya kuandika swali la dodoso lisilompotosha mjibuji, demografia. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na nyuma ya namba hiyo kuna ramani za maeneo, karani aliyegonga hodi, na kaya iliyokuwa shambani siku hiyo. Mtu anayeielewa namba kwa upande huo anaajirika, na si ofisi za takwimu pekee zinazomhitaji.

Isimu itawashangaza wengi kuiona hapa. Chukua kitenzi hatutawapikia. Ndani yake kuna ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa, mzizi, kiambishi cha kutendea na kiishio, kwa mpangilio usiovurugika. Kiambishi cha kutendea huwa -i- baada ya mzizi kama pik-, lakini huwa -e- baada ya som-, na irabu ya mzizi ndiyo inayoamua. Aliyesoma nadharia ya otomata ataona mara moja kuwa anatazama mashine yenye hali chache na mishale kati yake. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuunda programu ya kuchanganua maneno ya Kiswahili tangu miaka ya 1980, na kazi ya aina hiyo kwa lugha zetu nyingine bado ni pori. Kozi ya mofolojia na nyingine ya sintaksia zinatosha kukuingiza.

Fizikia kwa aliyetoka PCM haihitaji kupigiwa debe. Nusu ya kozi ya milinganyo tofautishi ilizaliwa huko. Uhasibu na fedha ni vya lazima kwa anayetazama bima au benki, ila kozi moja ya kusoma mizania na moja ya fedha za makampuni zinatosha, usigeuke mhasibu nusu. Na kwa anayejua moyoni kuwa ataishia kufundisha, kozi ya saikolojia ya ujifunzaji ina thamani kuliko nyingi nilizotaja. Hisabati ya kidato cha nne imekuwa na ufaulu duni Tanzania kwa miaka mingi, na tatizo si kwamba walimu hawajui kutafuta x.

Yule anayetaka hisabati tupu hadi uzamivu ataniambia yote haya hayamhusu. Yanamhusu kidogo. Namshauri Kifaransa. Kazi kubwa za Grothendieck za jiometria ya aljebra ziliandikwa kwa Kifaransa, na sehemu kubwa bado zinasomwa humo humo. Kifaransa cha hisabati ni chepesi kuliko cha riwaya. Mihula miwili na kamusi vinakufikisha. Akiongeza kozi ya mantiki kwa wanafalsafa, hatajuta.

Kuna jambo moja la kujiandaa nalo ukitoka nje: mtihani unaoanza na neno "Jadili". Mwanafunzi wa hisabati amefunzwa kwamba jibu zuri ni fupi. Anaulizwa ajadili athari za kupanda kwa riba kwa wakulima wadogo, anaandika mistari minne, yote ya kweli, anaweka alama ya mwisho wa uthibitisho na kutoka nje ya chumba akiwa wa kwanza. Matokeo yakija ana C, anasema mwalimu ana chuki. Hakuna chuki. Kule hoja moja haitoshi kuifunga nyingine. Unatakiwa uonyeshe upande wa pili, utoe mfano wa mahali, useme lini dai lako halisimami. Omba kuona insha iliyopata A mwaka uliopita, uisome kama unavyosoma uthibitisho: kila aya imebeba nini?

Na kazi za vikundi. Ukiwa mtu pekee wa hisabati kati ya sita, watakukabidhi "sehemu ya mahesabu" na kukushukuru. Kataa. Mahesabu unayaweza, hutajifunza chochote hapo. Omba kuandika utangulizi, au kwenda kuhoji watu, na mwenzako wa uchumi apige hesabu wewe ukimwelekeza. Kazi itachelewa siku mbili na kikundi kizima kitakuwa kimejifunza.

Kuhusu muda, mwaka wa pili ndio bora. Mwaka wa kwanza bado unatafuta bweni na unasubiri bumu la mkopo. Mwaka wa tatu una mradi, na ukikuta uwanja unaoupenda hubakiwi na muhula wa kurudi kwa kozi ya pili. Usiweke kozi nzito ya nje kwenye muhula wa uchanganuzi halisi na aljebra dhahania kwa pamoja, maana kufeli na kukeri kozi ya lazima kunagharimu kuliko kitu chochote utakachopata nje. Angalia pia jiografia. Anayekaa Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kutaka kozi ya kompyuta inayofundishwa kampasi ya Kijitonyama ahesabu foleni, si kilomita; kipindi cha saa 4 asubuhi kule na cha saa 5 huku ni ndoto.

Kabla ya kusajili, fanya mambo ambayo wengi hawafanyi. Pata muhtasari wa kozi, si jina lake, usome wiki ya 8 hadi ya 14, maana mwanzo wa kozi zote hufanana. Tafuta mitihani ya miaka mitatu iliyopita. Kama swali lilelile linarudi kila mwaka, utapata A na hutapata kingine. Hudhuria vipindi viwili bila kujisajili. Walimu wengi hawakatai ukiwaomba kwa adabu kabla ya kipindi. Kisha muulize mwalimu swali moja: "Mwalimu, wanafunzi wako wanakwama wapi kwa sababu ya hisabati?" Akikujibu kwa dakika kumi bila kupumua, umepata darasa, na pengine umepata msimamizi wa mradi wako wa mwaka wa tatu.

Ikitokea kozi unayoitaka ina sharti la kozi tangulizi ambayo hukuisoma, usikate tamaa kwa kuangalia mfumo pekee. Sharti mara nyingi limewekwa kwa ajili ya hisabati, na hisabati unayo. Andika barua fupi kwa mkuu wa idara inayofundisha kozi hiyo, ambatanisha matokeo yako, taja kozi zako zinazofidia pengo, kisha ipitishe kwanza kwa mkuu wa idara yako mwenyewe aisaini. Barua hiyo ifike wiki ya kwanza ya muhula. Wiki ya tatu dirisha la kubadili kozi linakuwa limefungwa au linakaribia kufungwa, na hapo hata mwalimu anayekutaka darasani hana uwezo wa kukuingiza.